Barua ya Msalaba Mwekundu: namna ya kuwaandikia ndugu mliotenganishwa na vita

Fomu ya barua ya Msalaba Mwekundu ni karatasi moja tu. Ina nafasi ya anayeandika, nafasi ya anayeandikiwa, mistari ya habari, na nafasi ya jibu. Haifungwi kwenye bahasha, haibandikwi stempu, na hailipiwi hata senti. Msalaba Mwekundu huipokea kutoka mkononi mwako, huivusha mpaka, kisha humtafuta mwenyewe, awe kijijini, kambini, hospitalini au gerezani.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya kuandikia barua hizi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, nikiwaandikia wasioweza kuandika na kuwasaidia wanaoweza. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu, na tangu 2015 imepokea Warundi pia. Goma ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, maswali yale yale yalianza upya: niandike nini, niandikeje, itafika kweli? Ninayoyasema hapa nimeyaona yakifanya kazi, na baadhi nimejifunza kwa barua zilizorudi.

Jaribu simu kwanza

Kama una namba ya mtu yeyote wa upande wa pili, hata ya jirani au ya mwenye duka, ianze hiyo. Katika kambi nyingi wahudumu wa Msalaba Mwekundu hukupa simu ya bure ya dakika chache. Ikipokelewa, umeokoa miezi.

Lakini mara nyingi namba zote zilikuwa ndani ya simu, na simu ilinyang'anywa kwenye kizuizi cha barabarani. Au mnara umezimwa. Au mama hajawahi kumiliki simu maisha yake yote. Hapo ndipo unapoijia fomu. Na hata aliyebahatika kuongea kwenye simu namshauri aandike pia, kwa sababu karatasi inabaki. Nimemwona bibi mmoja akifungua kitambaa cha kiunoni na kutoa barua iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka, akaomba asomewe tena aya ya pili.

Usione haya kana kwamba unaomba hisani. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 25, unasema mtu aliye katika nchi iliyo vitani au eneo lililotekwa awezeshwe kupeleka habari za kifamilia kwa ndugu zake popote walipo, na kupokea za kwao. Na mtu yeyote akikudai pesa ili barua yako "iwahi", mkatalie na umripoti.

Tumia muda wako mwingi kwenye majina

Karibu kila anayekaa mezani anakimbilia mistari ya habari. Majina anayajaza kwa dakika moja, halafu anaandika kwa nusu saa. Ningependa iwe kinyume. Katika vita watu wamehama, nyumba zimeungua, na mtaa umebadilika jina au umebaki mtupu. Barua haina anwani ya kushika. Inatembea kwa kuulizia watu, na anayeulizia ni kijana wa kujitolea aliyeshuka kwenye pikipiki asiyemjua ndugu yako hata kidogo. Kila neno unaloliacha nje linamnyima swali moja la kuuliza.

Kuna mama mmoja wa Fizi, Kivu Kusini, niliyemwandikia barua kwa mwanawe. Niliandika majina mawili kama alivyoyataja, yale ya ubatizo na ya ukoo, nikaridhika. Barua ilirudi baada ya miezi mitano na maneno haya: hajulikani hapa. Nilipomuuliza kwao wanamwitaje, alinijibu bila kufikiri, "Fundi Redio." Hakuna mtu kijijini aliyemwita vingine tangu akiwa kijana. Nilikuwa nimemwandikia mtu ambaye kwa majirani hayupo. Barua ya pili ilibeba jina la Fundi Redio, jina la baba yake mvuvi, na kwamba nyumba iko nyuma ya kanisa, upande wa ziwani. Hiyo ilifika. Miezi mitano ya kwanza mama yule alingoja bure kwa sababu sikuuliza swali moja.

Kwa hiyo andika majina yote kama yalivyo kwenye kadi ya mpiga kura au cheti cha ubatizo, kisha jina analoitwa mtaani: la utani, la kazi, la mtoto wa kwanza. Mama Riziki anaweza kujulikana kata nzima huku jina lake la kuzaliwa likijulikana na mume na padri tu. Ongeza jina la baba na la mama mzazi, wawe hai au wamefariki.

Angalia pia herufi. Karani wa Kongo huandika kwa mkono wa Kifaransa, wa Tanzania kwa Kiswahili. Musa wa huku ni Moussa kule, Chiza anaweza kuwa Tshiza, na L na R hupishana kila siku. Andika maumbo yote mawili, moja kando ya jingine. Kwa anayepekua orodha ya majina mia tatu, tofauti ya herufi mbili inatosha kumpita ndugu yako.

Mwaka wa kuzaliwa nao una kazi, hasa penye majina yanayofanana. Usipoujua, tafuta tukio. Watu wa Goma wengi huhesabu kwa volkano ya Nyiragongo: alizaliwa kabla lava haijaingia mjini Januari 2002, au alikuwa ananyonya ilipolipuka tena Mei 2021. Hilo linamsaidia anayetafuta kuliko kuandika "kijana".

Kisha mahali

Anza na eneo kubwa, ushuke hadi dogo: jimbo, teritwari (kama wilaya ya kwetu), kijiji; kama ni mjini, kartie (mtaa) na avenyu (barabara). Ukifika chini kabisa, acha mipaka ya serikali na utaje vitu vinavyoonekana: shule, kisima, gati, soko na siku ya gulio.

Halafu taja watu wa kuulizwa. Shefu wa kijiji anafaa, lakini katika vita shefu huenda ndiye wa kwanza kuondoka. Mimi huwauliza wateja wangu kuhusu muuguzi wa kituo cha afya, mchungaji au padri, na mwalimu mkuu. Hao ndio wanaojua nani alikimbilia kwa nani. Kama mlipotezana njiani, eleza njia yenyewe: mlitoka wapi, tarehe gani, mlionana mwisho wapi, alikuwa na nani, alielekea upande gani. Na mtaje mtu wa pili wa kupewa barua iwapo wa kwanza hayupo, kwa mfano shangazi aliye kijiji cha jirani.

Upande wako, andika zoni, kijiji, klasta na namba ya ploti kama uko kambini. Kama una sababu ya kuogopa kujulikana ulipo, mwambie mhudumu kabla hujaandika. Mnaweza kuacha mahali pasitajwe, na jibu likapitia ofisini. Vivyo hivyo kwa unayemtafuta: akipatikana ataulizwa kwanza kama anaridhia anwani yake ipewe wewe. Mara chache mtu hukataa. Inauma, lakini ni haki yake.

Sasa habari zenyewe

Barua hii iko wazi na itasomwa na watu wengine njiani. Wahudumu huikagua, na mara nyingine wenye mamlaka nao huisoma. Babu zetu waliopigana Burma wakiwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walilijua hilo. Barua zao zilipita kwa wakaguzi kabla hazijafika nyumbani. Sheria ya fomu ni moja: habari za familia na za binafsi tu. Nani mzima, nani mgonjwa, nani kazaliwa, nani kaolewa, watoto wanasoma wapi, mnakaa na nani. Usiguse askari, vikundi, silaha, wala siasa, wala nani alichoma nyumba ya nani, hata kama ndilo linalokuchoma moyo. Mstari mmoja wa namna hiyo unaweza kuizuia barua nzima, au ukamtia hatarini anayeipokea mahali ambapo wale uliowataja bado wapo.

Na usiandike kwa mafumbo. Najua tunayapenda, na katika vita yamekuwa lugha ya kila siku. Lakini ndiyo sababu wakaguzi wanayajua. Kila aliyeishi Kivu anajua kwamba "mvua" inaweza kuwa risasi na "wageni" wanaweza kuwa wenye bunduki. Kama kweli mvua imenyesha na mahindi yamestawi, sema mahindi yamestawi. Kama wageni ni shemeji na watoto wake, waite shemeji na watoto wake.

Andika tarehe juu ya barua, na ndani yake epuka maneno yanayochacha. "Juzi", "wiki iliyopita", "hivi karibuni" yote yatakuwa hayana maana barua ikisomwa baada ya miezi mitatu. Badala ya kusema mtoto ana miezi saba, taja siku aliyozaliwa. Ukiandika zaidi ya mara moja, zipe barua zako namba, maana ya tatu inaweza kufika kabla ya ya pili, na mama akadhani aliyepona ameugua tena.

Tuje kwenye salamu. Wengi wetu tulifundishwa kufungua barua kwa maneno marefu: dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali, ama mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Yanakula nusu ya nafasi. Hata hivyo sikubaliani na wahudumu wanaoyakata yote, kwa sababu mzazi huisikia sauti ya mwanawe humo kuliko kwenye habari. Acha mstari mmoja wa salamu unaofanana na wewe, kisha ingia kwenye habari.

Zoezi ninalowapa watu ni la maneno 25. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, fomu ya raia ya Msalaba Mwekundu iliruhusu maneno 25 tu, na kwa hayo machache zilipitishwa barua takriban milioni 24 kupitia Geneva. Fomu ya siku hizi ina nafasi kubwa zaidi. Lakini ukianza kwa kujibana, unagundua lipi ni la lazima, na Kiswahili kinakusaidia maana neno letu moja hubeba mtu, wakati na tendo. Tazama:

"Mama, tumefika Nyarugusu salama, sote watano. Mdogo ameanza kutembea. Bibi miguu inamsumbua lakini anakula vizuri. Watoto wanasoma. Hatujamsikia baba tangu Februari. Mkisikia lolote tuandikieni. Tunawaombea."

Hesabu, ni 25. Humo mna mahali, idadi, afya ya mzee, shule, mtu anayetafutwa na ombi la jibu. Ukishapata hayo, nafasi iliyobaki ijaze unachotaka. Ongeza jambo ambalo ninyi wawili tu mnalijua, kama jina la mbuzi au siku ile mtumbwi ulipojaa maji. Vita vimejaa taarifa za uongo, na dalili ndogo ya namna hiyo ndiyo itakayomhakikishia mama kwamba ni wewe kweli.

Maliza kwa maswali, yasizidi matatu, yanayojibika kwa neno au sentensi. "Habari za huko?" inamwalika mtu aeleze vita. Uliza: mko wangapi nyumbani? Dada alijifungua nini? Dawa za baba zinapatikana?

Asiyejua kuandika aseme, mhudumu aandike maneno yake kama yanavyotoka, kisha amsomee. Tukimaliza, huwa nauliza kama ana mtoto mchanga. Tunaulaza mkono wa mtoto kwenye karatasi, kidole kwa kidole, na kuuzungushia kalamu ya wino. Mtoto hukunja ngumi, tunaanza tena. Mstari huwa umepinda, na kidole gumba mara nyingi hakimo. Hakuna sehemu ya barua inayoangaliwa muda mrefu kuliko hiyo huko iendako. Picha pia inaruhusiwa kuambatishwa. Pesa usiweke.

Kama habari ni ya msiba

Hapa tulia, na ikiwezekana usiandike siku ile ile uliyoamua.

Jiulize kwanza unajua nini. Umeuona mwili? Umehudhuria maziko? Au umesikia kwa mtu aliyesikia? Kama hukuona, na aliyeona humjui, usiandike kwamba amefariki. Andika kwamba mlipotezana mahali fulani tarehe fulani na bado unamtafuta, kisha fungua ombi la kutafutwa ndugu. Familia nyingi zimeanua matanga na kugawa vitu vya mtu ambaye alikuwa ng'ambo ya ziwa.

Kama una hakika, sema wazi. Kiswahili kina maneno mengi ya kupoza kifo, nayo ni mazuri mdomoni, lakini kwenye karatasi yanapotosha. "Baba hayupo" inaweza kusomwa kwamba ametoka. "Tumempoteza" inaweza kueleweka kwamba amepotea njiani, na watu wakaendelea kungoja. Andika: amefariki. Taja tarehe, mahali, ugonjwa au ajali kama inaruhusiwa kutajwa, alizikwa wapi na nani alikuwapo. Waliobaki watahitaji hayo, kwa moyo na kwa mambo ya urithi. Kama aliuawa, acha nje nani alimuua.

Kisha fikiria mpokeaji. Kwetu mjane hapewi habari ya kifo peke yake njiani, wazee hutangulia. Waweza kumwandikia mjomba au baba mdogo na kumwomba awaite wengine. Na ni muhimu sana umwambie mhudumu, kabla hujakabidhi, kwamba barua ina msiba. Akijua, itapelekwa kwa mkono na mtu aliyejiandaa kukaa na familia kidogo, isije ikasomwa mbele ya foleni ya maji.

Mtoto aliyepotezana na wazazi, na ndugu aliye gerezani

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, watoto zaidi ya 100,000 waliotengana na wazazi waliandikishwa katika ukanda huu. Funzo kubwa la kazi ile ni kwamba mtoto mdogo anajua mengi kuliko tunavyodhani, ila si kwa mpangilio wetu. Hajui jina la teritwari, lakini anajua mwalimu wake, rangi ya mlango wa kanisa, mama anauza nini sokoni, mdogo wake anaitwaje. Andika anayosema kama anavyoyasema. Akisema baba anaitwa "Papa Nono", iandike hivyo. Usimrekebishe na usimwahidi kwamba mama atapatikana, mwambie tunamtafuta. Wala usimtangaze mtandaoni na mahali anapokaa, hata kwa nia njema, kwa maana wapo wanaojifanya wajomba.

Kwa aliye kizuizini, Itifaki ya Pili ya mwaka 1977, ya nyongeza kwa Mikataba ya Geneva, inaruhusu kupeleka na kupokea barua. Fomu ni ile ile, ukaguzi ni mkali zaidi, basi iwe fupi na ya nyumbani tupu. Usimuulize kuhusu kesi.

Kukabidhi na kungoja

Kabla hujaitoa mkononi, soma barua yako kwa sauti. Nakili kwenye daftari tarehe, namba ya barua na majina uliyoandika, kisha weka daftari pamoja na kadi ya mgao. Ukihamishwa zoni au ukirudi nyumbani, pita ofisini useme. Jibu lako litakuja mahali ulipoandika.

Barua huchukua wiki kadhaa, mara nyingine miezi, na vita vikipamba moto njia hufungwa kabisa. Pitia ubao wa majina kila wiki, na umwombe jirani akuangalizie pia, kwani majina yaliyobanduliwa na mvua ni mengi. Ikirudi bila kufika, soma sababu iliyoandikwa. "Amehama" ni habari njema kuliko inavyoonekana: maana yake yupo mtu aliyemjua. Rudi mezani, ongeza majina, uandike tena. Ikirudi mara ya pili, omba kufungua faili la kutafutwa. Ndugu walioko Ulaya au Marekani nao waende kwenye chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi waliyopo. Mtandao ni ule ule, na tangu 2013 kuna ukurasa uitwao Trace the Face ambako anayetafuta huweka picha yake mwenyewe, ili anayetafutwa amtambue.

Ukiipokea wewe

Jibu papo hapo, mhudumu akiwa bado amekaa. Ametembea, na huenda njia ikafungwa kesho. Usingoje upate picha nzuri au mpaka ukoo mzima ukutane. Soma maswali yao na uyajibu kwa mpangilio wao, kisha uandike ya kwako. Taja kila aliye hai kwa jina, pamoja na wale ambao hukuulizwa, maana aliyeandika huenda aliogopa kuuliza. Na kama ndani kuna mkono wa mtoto, weka wa mtoto wa kwenu kando ya jibu, na uandike jina lake na siku aliyozaliwa chini yake.